Kujitolea na kuhudhuria kampeni za mchujo wa urais Marekani: mwongozo kwa Waswahili tulio huku

Maswali yanayotufikia ni yaleyale kila msimu. Mmoja alijiandikisha kwenye tovuti ya mgombea, simu ikajaa meseji za kuomba pesa, na hakuna aliyempigia kumpa kazi. Mwingine alisafiri mwendo mrefu kwenda kumsikiliza mgombea, akarudishwa mlangoni kwa sababu ya begi. Na wengi wanauliza kwa sauti ya chini: mimi bado si raia, naruhusiwa hata kufika?

Uchaguzi wa urais unaofuata ni 7 Novemba 2028. Kabla yake huja mchujo, yaani kura ambazo kila chama hutumia kumchagua mgombea wake jimbo kwa jimbo, na wagombea huanza kuzunguka majimbo yanayotangulia, kama Iowa na New Hampshire, mwaka mzima kabla ya kura. Kwa hiyo ni vizuri kujipanga mapema. Jua kwanza kwamba mambo ya huku hayafanani na ya nyumbani: hakuna posho wala nauli, fulana na kofia za mgombea hununuliwa, na mtu anayetaka kuwa rais unaweza kumkuta kwenye ukumbi wa maktaba akijibu maswali ya watu thelathini.

## Vitu vya kuandaa

- Kitambulisho chenye picha. Mikutano mingi haikidai, ila usitembee bila hicho.
- Barua pepe ya pili, mahususi kwa siasa. Ukitoa ile ya kazini utajuta.
- Simu yenye nafasi ya programu moja au mbili, na betri ya akiba.
- Viatu vya kutembea mwendo mrefu. Kwa Iowa na New Hampshire, viatu vya theluji, soksi za sufu na glavu zinazokubali kugusa kioo cha simu.
- Penseli. Kwenye baridi kali wino wa kalamu hugoma.
- Tarehe tatu ulizoziandika mahali: mwisho wa kujiandikisha kupiga kura, mwisho wa kubadili chama, na siku ya mchujo jimboni kwako.

Fedha si lazima, na kwa baadhi yetu ni marufuku kabisa. Tuanzie hapo.

## Hatua ya 1: Jua hadhi yako inaruhusu nini

Usiruke hatua hii hata kama una haraka. Kosa la hapa halifutiki kwa kuomba radhi.

Raia, wa kuzaliwa au wa kuapishwa, anaruhusiwa yote: kupiga kura, kuchangia, kujitolea, kuajiriwa na kampeni. Mipaka iko kwenye kazi yake. Mfanyakazi wa posta, kwa mfano, anaweza kubisha milango siku yake ya mapumziko, lakini si akiwa zamu wala akiwa na sare. Mwanajeshi aliye kazini anaweza kuhudhuria mkutano kama mtazamaji tu, bila sare.

Mwenye grini kadi, yaani mkaazi wa kudumu, anaruhusiwa kujitolea, kuhudhuria na hata kuchangia fedha zake mwenyewe. Haruhusiwi kupiga kura wala kujiandikisha kupiga kura.

Wengine wote, yaani wenye viza ya masomo au ya kazi, waombaji hifadhi, na wakimbizi ambao bado hawajapata grini kadi, sheria ya fedha za uchaguzi inawaruhusu kuhudhuria na kujitolea bila malipo. Kuna mambo matatu wasiyoruhusiwa. La kwanza ni kutoa hata dola moja. La pili ni kukaa kwenye vikao vinavyoamua kampeni itumie vipi fedha au mikakati yake. La tatu ni kupokea malipo bila kibali cha kazi.

Watu wengi hujikwaa kwenye fulana. Ukinunua kofia, fulana au kikombe kutoka duka la kampeni, bei yake yote inahesabiwa kuwa mchango. Tiketi ya chakula cha jioni cha kuchangisha fedha ni hivyohivyo. Kwa hiyo asiye na grini kadi asinunue, na asimpe mke au mume aliye raia pesa za kumnunulia. Kuchangia kwa jina la mtu mwingine ni kosa la kisheria. Stika ya bure wanayogawa mlangoni haina tatizo.

Onyo kubwa. Nje ya kila mkutano utakuta vijana wachangamfu wenye karatasi, wakiuliza kama umejiandikisha kupiga kura. Hawajui historia yako, na fomu wanayokupa ina kisanduku cha kuthibitisha kwamba wewe ni raia wa Marekani. Ukikitia alama nawe si raia, umedai uraia kwa uongo, na hilo linaweza kukufukuzisha nchini na kukufungia mlango wa uraia. Fomu ya maombi ya uraia, N-400, inauliza wazi kama uliwahi kujiandikisha au kupiga kura. Wapo waliotia saini kwa heshima tu, wakidhani ni daftari la wageni. Sema: "Asante, mimi bado si raia," kisha endelea na safari yako.

Fomu za kumdhamini mgombea aingie kwenye karatasi ya kura ni vilevile: kwa kawaida hutiwa saini na wapiga kura waliosajiliwa tu. Na mwenye kesi ya uhamiaji ambayo haijaisha amuulize wakili wake kabla ya kushiriki chochote cha hadharani.

Hatua hii imekamilika pale unapoweza kumweleza mratibu wa kampeni, kwa sentensi moja, unachoruhusiwa na usichoruhusiwa.

## Hatua ya 2: Jua jimbo lako linapigaje kura

Hakuna siku moja ya mchujo kwa nchi nzima. Kila jimbo na kila chama kina tarehe na kanuni zake, na kalenda hubadilika. Mwaka 2024 Warepublican wa Iowa walikutana kwenye kokasi, yaani mikutano ya chama ya kuchagua mgombea, tarehe 15 Januari, New Hampshire wakapiga kura tarehe 23 Januari, na Wademocrat walikuwa wameipa South Carolina nafasi ya kwanza rasmi, tarehe 3 Februari. Tarehe 5 Machi ilikuwa Jumanne Kuu, siku ambayo majimbo mengi hupiga kura kwa pamoja, yakiwemo Texas na Maine ambako wenzetu ni wengi. Usitegemee tarehe hizo kwa 2028. Soma tovuti ya ofisi ya uchaguzi ya jimbo lako.

Muhimu zaidi ya tarehe ni swali hili: je, lazima uwe umejiandikisha kwenye chama? Texas hakuna usajili wa chama. Unafika na kuchagua karatasi ya chama unachotaka. New Hampshire, asiye na chama anaruhusiwa kuchagua upande siku hiyohiyo. Kentucky mambo ni magumu. Mchujo wao hufanyika Mei, lakini aliyekwisha kujisajili na akataka kubadili chama anatakiwa awe amefanya hivyo kufikia 31 Desemba ya mwaka uliotangulia. Pale Louisville wapo watakaogundua hilo Aprili, wakiwa wameshachelewa kwa miezi minne.

Kama una mtoto raia mwenye miaka 17 atakayefikisha 18 kabla ya siku ya uchaguzi mkuu, angalia kanuni za jimbo. Majimbo kadhaa, na kokasi za Iowa pia, humruhusu kushiriki mchujo.

## Hatua ya 3: Jiandikishe, kisha mtafute mtu

Fomu ya kwenye tovuti ya mgombea inakuweka kwenye orodha mbili: ya kuombwa pesa, ambayo hufanya kazi usiku huohuo, na ya watu wa kujitolea, ambayo inaweza kukaa wiki nzima bila kuguswa. Ndiyo maana watu wanafurika meseji bila kupewa kazi.

Kwa hiyo jaza fomu, halafu usingoje. Tafuta ofisi ya kampeni iliyo karibu au tukio lao la kwanza mjini kwako, uende kwa miguu yako. Muulize unayemkuta: "Mratibu wa eneo hili ni nani?" Huyo ndiye unayemtaka. Mara nyingi ni kijana wa miaka ishirini na kitu anayeishi kwa kahawa, ana idadi ya milango anayotakiwa kufikisha kila wiki, na ukimwambia unapatikana Jumamosi asubuhi atakushika mkono kama ndugu aliyepotea.

Mwambie pia unazungumza Kiswahili. Sheria ya shirikisho inayolazimisha karatasi za kura kutafsiriwa inahusu Kihispania na lugha za jamii za Kiasia na za wenyeji wa asili wa Amerika, Kiswahili hakimo. Kule Des Moines, Cedar Rapids au Portland ya Maine, mama Mkongo aliyeapishwa uraia mwaka jana anaweza kubishiwa mlango mara kadhaa na watu asiowaelewa. Wewe ukibisha, mazungumzo yanaanza.

Kwa meseji za pesa, jibu neno STOP. Zitapungua, ila usitarajie ziishe.

Ukitoka ofisini na namba ya simu ya mtu mmoja, pamoja na siku na saa ya zamu yako ya kwanza, songa mbele.

## Hatua ya 4: Hudhuria kwanza, ufanye kazi baadaye

Matukio ni ya aina mbili, na kila moja lina adabu zake.

Mkutano mkubwa wa hadhara. Tiketi ya bure uliyopata mtandaoni haikuhakikishii nafasi. Ukumbi ukijaa, umejaa. Fika saa mbili au tatu kabla ya milango kufunguliwa kama mgombea ni maarufu. Anayelindwa na walinzi wa serikali kuu atakuwa na mashine za ukaguzi kama za uwanja wa ndege: begi la mgongoni, mwavuli, chupa ya chuma, fimbo ya selfi na kisu cha mfukoni havipiti, na hakuna mahali pa kuviwekesha. Acha kwenye gari. Beba simu, funguo, kitambulisho na koti.

Wafanyakazi wa kampeni wanaweza kukuomba usimame jukwaani nyuma ya mgombea, hasa ukiwa umevaa kitenge kinachopendeza kwenye kamera. Ni heshima, lakini utasimama muda mrefu bila kwenda msalani, na sura yako itaonekana kwenye televisheni. Asiyetaka kuonekana akatae kwa upole. Mwandishi wa habari akikuuliza jina, hulazimiki kumtajia.

Mkutano mdogo. Hii ndiyo sababu ya kuwa Iowa au New Hampshire wakati huo. Mgombea anakuja kwenye sebule ya mtu, mkahawa au chumba cha mikutano cha chuo, anazungumza kidogo, anajibu maswali, kisha anapiga picha na kila anayetaka. Kwa maoni yangu, saa moja ya namna hii inakufunza zaidi ya mikutano mitano ya uwanjani, kwa sababu unamwona mtu anavyojibu asipokuwa na karatasi mbele yake. Hudhuria ya wagombea zaidi ya mmoja, hata wa chama pinzani. Hakuna anayekuona msaliti. Wenyeji wa majimbo hayo hufanya hivyo waziwazi na kujisifia.

Ukipenda kumwandalia mgombea mkutano nyumbani kwako, raia na mwenye grini kadi wanaweza kutumia hadi dola 1,000 kwa kila mgombea kwa chakula, vinywaji na kadi za mwaliko bila gharama hizo kuhesabiwa kuwa mchango. Panga na mratibu kabla ya kununua mchele. Asiye na grini kadi asiandae kwa fedha zake.

## Hatua ya 5: Uliza swali ambalo haliwezi kukwepwa

Watu wetu hupoteza nafasi hii kwa hotuba. Mtu anapewa kipaza sauti, anaanza kwa salamu za jumuiya nzima, anapita kwenye historia ya nchi, na swali lenyewe halifiki. Mgombea anatabasamu, anashukuru kwa mchango mzuri, anageukia upande wa pili.

Swali zuri lina sentensi mbili: moja ya maisha yako, moja ya kuuliza. Na liwe juu ya jambo ambalo Rais analiamua mwenyewe. Mfano: idadi ya wakimbizi ambao Marekani itapokea hupangwa na Rais kila mwaka kwa mujibu wa sheria ya 1980. Kwa mwaka wa fedha wa 2026 ilipangwa kuwa 7,500. Kwa hiyo: "Dada yangu yuko kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na faili lake limesimama. Ukiwa Rais, mwaka wako wa kwanza utapanga idadi gani?"

Jibu la namba, au kukataa kutaja namba, yote mawili ni habari. Kaa mbele karibu na njia, nyoosha mkono mapema, na mwache mfanyakazi wa kampeni akushikie kipaza sauti kama anavyotaka. Mwenzako arekodi kwa simu.

## Hatua ya 6: Kubisha milango

Hapa ndipo kampeni hupata au kupoteza kura, na ndipo wanaojitolea wanahitajika kuliko kwingine kote.

Chukua eneo lako. Utapewa karatasi, au programu ya simu. Upande wa Democratic programu iliyozoeleka inaitwa MiniVAN. Ndani yake mna majina, umri na anwani za wapiga kura, na nyumba zisizo kwenye orodha huzipigi hodi. Hizo ni taarifa za watu. Usizipige picha wala kuzituma kwenye kundi la WhatsApp.

Nendeni wawili. Kila mmoja upande wake wa barabara, mkionana. Pita kwenye njia ya miguu, usikate katikati ya majani ya uwanja wa mtu. Wapo wanaolichukulia hilo kuwa tusi. Penye kibao cha kuzuia kuingia, pita.

Bisha, kisha rudi nyuma hatua mbili. Anayefungua akuone mzima, mikono ikiwa mbele. Kwetu hodi inafuatwa na karibu. Huku usiingie ndani hata ukikaribishwa, isipokuwa umemkuta Mswahili mwenzako, na hata hapo chai itakugharimu milango kumi.

Sema kwa ufupi. Jina lako, kwamba unajitolea, mgombea wako, na swali moja: "Je, umeshaamua utampigia nani?" Halafu nyamaza. Anayejitolea kwa mara ya kwanza huogopa ukimya huo, anaujaza kwa sera, na mlango unafungwa. Akishasema kinachomsumbua, mweleze kwa nini wewe umemchagua mtu wako. Sababu yako binafsi inashinda karatasi ya sera.

Weka alama kabla ya kufika mlango wa pili. Kipimo cha kawaida ni 1 hadi 5: 1 ni wetu kabisa, 3 hajaamua, 5 ni wa upande mwingine kabisa. Kuwa mkweli. Mtu mstaarabu aliyekuchekea si 1. Ukiwapandisha watu daraja kwa huruma, kampeni itawapigia simu siku ya kura ikidhani ni wake, na itawakumbusha wapinzani kwenda kupiga kura. Ukikutana na 5, shukuru na uondoke. Kubishana naye ni kula muda wa 3 aliye nyumba ya pili.

Asipokuwepo, acha kipeperushi kwenye kitasa au ufa wa mlango. Usikitie kwenye sanduku la barua. Sheria ya shirikisho hairuhusu kuweka humo kitu kisicholipiwa stempu.

Baridi nayo ina mambo yake. Siku ya kokasi za Iowa mwaka 2024 hewa ilikuwa chini ya nyuzi 0 za Fahrenheit, yaani chini ya 18 hasi za Selsiasi. Simu huzimika ghafla hata ikiwa na chaji nusu. Iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, na omba nakala ya karatasi ya eneo lako kabla ya kutoka.

Usihesabu waliofungua tu. Milango mingi haitafunguliwa, na hilo ni la kawaida. Zamu nzuri ni ile iliyomalizika na kila nyumba kwenye orodha ina alama, ikiwemo ya "hayupo".

## Hatua ya 7: Simu

Kwa asiye na gari, anayelea watoto au anayefanya zamu za usiku, kazi ni ya simu. Mfumo wa kampeni unakuunganisha na mpiga kura, maelezo ya kusoma yako kwenye kioo, na kwa kawaida namba yako haionekani. Wengi watakata. Usichukulie moyoni. Omba upewe orodha ya majina ya Kikongo, Kikenya, Kirundi na ya wenzetu wengine, kwa sababu hapo salamu ya kwanza tu inabadilisha sauti ya upande wa pili.

## Hatua ya 8: Siku ya kura

Kokasi si kituo cha kupigia kura. Mwaka 2024 Warepublican wa Iowa walikusanyika saa 1 usiku mashuleni na makanisani, wakasikiliza wasemaji wa wagombea, kisha wakaandika jina kwenye karatasi. Aliyekosa saa amekosa, kwa hiyo kazi ya siku hiyo ni kuwabeba watu kwa gari na kuwafikisha mapema.

Penye vituo vya kawaida, kazi ni kubisha milango ya waliopewa alama 1 na 2 hadi wapige kura. Kumbuka kuna umbali kutoka kituoni ambao ndani yake hairuhusiwi kampeni, na majimbo mengine hukataza hata fulana ya mgombea. Uliza mratibu wako umbali wa jimbo lenu.

Mpiga kura asiyesoma Kiingereza ana haki, chini ya sheria ya haki za kupiga kura, kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe, mradi asiwe mwajiri wake wala wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Hivyo mzee wako anaweza kuingia na mjukuu wake. Ukiwa wewe ndiye msaidizi, vua kofia ya kampeni kwa maana zote mbili: msomee, mtafsirie, tia alama anapotaka yeye. Majimbo mengine yana fomu ya msaidizi kujaza, kwa hiyo ipigie simu ofisi ya uchaguzi ya kaunti siku chache kabla.

## Mgombea wako akijitoa

Hutokea ghafla. Mwaka 2020, kwenye mchujo wa Wademocrat, South Carolina walipiga kura tarehe 29 Februari. Pete Buttigieg akajitoa tarehe 1 Machi, Amy Klobuchar tarehe 2, na Jumanne Kuu ilikuwa tarehe 3. Waliokuwa na zamu Jumatatu hiyo walibaki na vipeperushi mikononi.

Ikikukuta, acha kupiga simu mara moja, rudisha orodha na vifaa ofisini, na ondoka kwenye akaunti ya programu. Waambie ndugu ambao bado hawajapiga kura, maana aliyekwisha kupiga kura ya mapema, katika majimbo mengi harudii. Kampeni nyingine zitakutafuta siku hiyohiyo, zikikuahidi zamu nzuri. Waambie utawajibu baada ya kulala.